Neno Nililomwandikia Mwalimu

Kwa miaka minane Mwalimu aliketi peke yake kwenye benchi la mwisho la kanisa letu, lile lililo karibu na mlango, ambalo upepo wa mtaa wetu wa Kapsoya hulipiga hata jua likiwa limewaka. Lilikuwa benchi la walio chini ya nidhamu. Wengine walipita hapo kama watu wanavyopita hospitalini. Kijana aliyempa msichana mimba alikaa miezi sita, na mzee aliyeonekana akitoka baa wiki ya mavuno alikaa mitatu. Walikuja mbele, wakakiri, wakapewa mkono wa ushirika, wakarudi kukaa na watu wao. Mwalimu hakuja mbele. Kosa lake lilikuwa limeandikwa kwa neno moja kwenye kitabu cha kumbukumbu za halmashauri, na sheria yetu ni kwamba mtu hukiri neno lililoandikwa, si jingine. Yeye hakukana alichokisema. Alikana neno.

Neno lilikuwa kukufuru. Aliyeliandika ni mimi.

Namwita Mwalimu kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mkewe, hata walipogombana. Alifundisha Kiswahili shule za msingi za mji huu mpaka akastaafu, na miongoni mwa hasara zake kazini nihesabiwe na mimi, ambaye alinipata darasa la saba nikiandika insha ndefu zisizo na habari. Sasa ninaandika makala ndefu zisizo na habari na magazeti huzichapa, kwa hiyo siwezi kusema hakunionya.

Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, na ulimi wake haukuwahi kukubaliana na sh. Mwalimu wa Kiswahili, bingwa wa ngeli, mtu aliyeweza kukueleza kwa nini kitanda ni kitanda, hakuweza kusema shamba. Siku za imla alikuwa akitembea kati ya madawati, mikono nyuma, akitamka:

"Samba."

Mkono ungeinuka. "Samba ama shamba, Mwalimu?"

"Lile lenye mahindi."

Tukaandika shamba.

"Sida."

"Gani hiyo, Mwalimu?"

"Ile unayoitafuta ukiendelea kunicheka."

Tukaandika shida. Darasa letu lilipata alama nzuri za tahajia kuliko madarasa ya walimu wenye sh zao zote, labda kwa kuwa sisi tulilazimika kufikiri. Katika habari hii nimemrudishia hizo sh karibu kila anapozungumza, maana kwa kalamu hakuwahi kuikosa hata moja.

Kalamu yenyewe ilikuwa nyekundu, na kustaafu hakukuiondoa mfukoni. Watu walimwogopa kwa hiyo kalamu. Ukimpa programu ya mazishi, alikaa nayo chini ya hema, akaipitia kuanzia jina la marehemu mpaka shukrani za familia, na kabla jeneza halijashushwa mjane alikuwa amerudishiwa nakala yake imesahihishwa. Alifanya hivyo kwa upole mkubwa, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. Nafikiri kwake zilikuwa ndizo rambirambi. Nilimwuliza siku moja kama haoni haya.

"Marehemu atasomwa na wajukuu wake," alisema. "Unataka wamkute amekosewa herufi?"

Kanisa lilipofungua kundi la WhatsApp alijiunga, na hapo akapata darasa jipya la watu mia mbili. Mtu akitangaza mkutano wa akina mama, Amina zilimiminika, kisha chini kabisa ungeona ujumbe wa Mwalimu: *Si "mkutano itakuwa". Mkutano utakuwa. Mungu awabariki.* Alipowekwa chini ya nidhamu hatukumtoa kwenye kundi. Hilo halikuwa wema, hakuna aliyekumbuka. Basi alikuwa hawezi kuomba mbele ya watu, hawezi kusoma somo, hawezi kugusa Meza ya Bwana, lakini bado alitusahihisha. Siku za ushirika sinia la vikombe lilipofika benchi la mwisho, mhudumu alikuwa akigeuka bila kusimama, na Mwalimu alikuwa akitazama mbele, mikono magotini, mpaka wimbo uishe.

Usidhani alikuwa mtakatifu aliyeonewa. Alikuwa mgumu. Alinuna kwa wiki nzima mtu akimkatiza katikati ya sentensi. Hakukubali kushindwa mabishano hata na redio. Alisema hapendi watu, na aliwaambia watu hivyo, lakini kila saa kumi jioni, watoto wa shule wanapopita njia ya kwake, ungemkuta nje akipunguza ua wa michongoma kwa makasi. Ua gani hupunguzwa kila siku? Ulikuwa umepungua mpaka mbuzi aliuruka. Watoto walimwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akawajibu bila kuinua kichwa, kana kwamba wamemchelewesha kazi, kisha wakiisha kupita alibaki na makasi wazi mkononi akiwatazama mpaka kona.

Hawakujaliwa mtoto, yeye na mkewe. Mama Mwalimu alikuwa fundi wa kushona, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, na ndiye pekee aliyemsahihisha Mwalimu akabaki hai. "Wewe sema tu *samba*," alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "mimi nitalima." Na ni kweli, alilima. Walikuwa na kipande cha ardhi Cheptiret, kando ya barabara ya Nakuru, na kila msimu alishuka huko na jembe, akapanda mahindi safu kwa safu pamoja na majirani. Alipougua aliwaambia wote waliomtembelea kwamba azikwe hapo hapo. Ndugu za mumewe walitaka arudishwe ziwani, nyumbani, mahali ambapo mke wa mtu huzikwa. Mwalimu alikataa. Wakamwambia basi azike na watu wa kanisa, maana wao hawatakuja. Hawakuja.

Kwa hiyo siku ile Cheptiret tulikuwa sisi tu, watu wa kanisa na wakulima wa pale, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeufanya udongo uwe mzito. Pasta wetu wa wakati huo alihubiri kwa ufupi, akamalizia kwa maneno ambayo kila mtu wa nchi hii ameyasikia kaburini: kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia, Amina. Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi. Akasema, kwa sauti ile ya darasani, isiyo kubwa lakini inayofika nyuma:

"Hii ina makosa."

Pasta alidhani hakusikia vizuri. "Mwalimu?"

"Nimesahihisha kazi za watu maisha yangu yote, Pasta. Makosa nikiyaona nayajua. Hii ina makosa, na Mwenyewe anajua."

Kisha akachukua udongo, akarusha, akarudi nyuma kumpisha mwingine.

Maneno yenyewe ni hayo tu. Yasingetosha kujaza mstari wa kumbukumbu, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa karani wa halmashauri. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na shahada, na nilikubali kwa sababu nilipenda watu wakumbuke kwamba ninayo. Halmashauri ilipokaa, wazee walikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira. Mwenyekiti, mkulima wa mahindi ambaye shamba lake linapakana na lile la Mama Mwalimu, alisema mara mbili kwamba mtu aliyefiwa huongea. Pasta alisema sawa, lakini watoto walikuwepo, wageni walikuwepo, lazima kuwe na nidhamu kidogo, miezi mitatu tu. Wakakubaliana. Wakanigeukia: "Karani, andika kosa."

Ningeweza kuandika alichokisema. Ningeweza kuandika kwamba alinung'unika, au alimlaumu Mungu. Lakini kumlaumu lilionekana neno la jikoni. Nilitaka neno lenye uzito wa kitabu, na kalamu ikaandika kwamba ndugu huyu *alimkufuru Mungu hadharani*. Niliposoma kwa sauti, wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Nilidhani wanaheshimu uandishi wangu. Kumbe walikuwa wameshtuka, na hakuna mzee aliyetaka kuwa wa kwanza kumtetea mtu aliyekufuru.

Barua ilipelekwa. Ilirudi baada ya siku mbili, imesahihishwa. Makosa ya koma mawili, neno moja lililorudiwa, na chini ya *alimkufuru* mistari miwili myekundu, na pembeni: *Si sahihi. Tazama maana.*

Jumamosi hiyo alikuja nyumbani kwangu mwenyewe. Alikataa chai.

"Umelitoa wapi hili neno?" aliniuliza.

"Ni neno la kawaida, Mwalimu."

"Si la kawaida. Lina njia limepita. Limetoka kwa Waarabu, likafika pwani, likapanda huku kwetu ndani ya vitabu vya dini. Huko lilikotoka mzizi wake ni kufunika. Mkulima akifukia mbegu, amefunika. Kisha wakalitumia kwa mtu anayefunika wema aliotendewa, ajifanye hakuupata. Kinyume cha kushukuru. Mwisho likawa la mtu anayemkana Mungu au kumdhihaki. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa mimi nimefunika nini? Nimemkana nani? Nani hupeleka malalamiko kwenye ofisi anayojua haina mtu?"

Nilipobanwa siku hizo nilikuwa na tabasamu la chuo kikuu. Nikamwambia maana za maneno hubadilika, kwamba siku hizi watu husema hata harusi ni ya kufuru kama nyama ilikuwa nyingi.

"Basi andika kwamba nilikula nyama nyingi," alisema, akasimama.

Mlangoni aligeuka. "Miezi mitatu nitakaa. Hata sita. Kumlaumu nilimlaumu, na nitakiri hilo hata kesho. Badilisha neno moja, kijana. Hata kalamu nitakupa."

Sikubadilisha. Nilijiambia kumbukumbu zikishathibitishwa haziguswi. Ukweli ni kwamba ili kubadilisha ningelazimika kusimama mbele ya wazee niseme karani msomi hakujua maana ya neno. Niliona afadhali mzee akae kwenye baridi. Sikuliona hivyo wakati huo, bila shaka. Niliona ni suala la utaratibu.

Miezi mitatu ikawa mwaka. Mwenyekiti alijaribu. Lugha yake ya nyumbani haina f, naye alimwendea Mwalimu baada ya ibada, akamshika bega.

"Mwalimu, wewe ni mtu ya kusoma. Si useme tu mara moja, *nilikupuru*, tumalize hiyo maneno? Mungu anajua roho yako."

"Mtu wa kusoma. Maneno hayo."

"Ndio, hiyo."

Vijana wawili waliokuwa karibu walicheka ile *nilikupuru*. Mwalimu aliwageukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona hata darasani. "Nyamazeni. Mimi nimempa Mungu *sukrani* miaka yote hii na hajanirudishia hata moja nisahihishe. Anayenisikia mimi atamsikia na Mzee." Kisha akamwambia Mwenyekiti kwa upole, "Ungelitamka hata kama malaika, Mzee, bado silo."

Wakapeana mikono, na kila mmoja akaenda njia yake. Nafikiri Mwenyekiti alisikitika kumkosa Mwalimu kuliko sisi sote, lakini alikuwa mwenyekiti.

Huwa hatuamui kumtenga mtu. Tunaacha tu. Kikundi cha maombi cha Alhamisi kilikuwa kikikutana nyumbani kwake. Kikahamia kwingine, kwa kuwa haifai kukutana kwa mtu aliye chini ya nidhamu. Watu walimsalimia getini pa kanisa, wakaharakisha. Mialiko ya harusi ikakoma. Nilipita kwake mara chache, kila mara nikiwa na sababu ya kutokaa. Nilikuta mezani daftari la shule, na ndani yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, amejaza kurasa kwa neno lile: lilivyoandikwa, linavyotamkwa mkazo ukianguka pale katikati, ndugu zake *kafiri* na *makufuru*, mifano ya matumizi sahihi. Alikuwa akijitayarishia somo ambalo hakuna aliyekuwa amejiandikisha kulisikia.

"Unaweza kuchapisha hii," nilimwambia, kwa ule ujinga wetu wa kudhani kila maumivu ni makala.

"Sijaandika kwa ajili ya kuchapisha. Naandika nisije nikasahau kwamba niko sahihi."

Mwaka huu, mvua zilipoanza, alilazwa wiki mbili kwa kifua. Alitoka amepungua, shati likimning'inia. Nilisikia ndugu zake wa ziwani walikuja kumwona, wazee wenye heshima, walioleta samaki na maombi. Nilikwenda siku iliyofuata, alasiri, na mara hii nilikaa. Alikuwa amekaa na koti ndani ya nyumba.

"Wameniambia mahali nitakapozikwa," alisema. "Wamekwisha kuchagua. Karibu na baba yangu. Mahali pazuri."

"Na Cheptiret?"

"Niliwaambia Cheptiret. Wakaniuliza, nani atakuzika huko? Watoto huna. Sisi hatuji. Kanisa lako limekuweka mlangoni." Alikohoa. "Hawakuwa wabaya. Waliuliza swali zuri. Nilikosa jibu."

Hapo nikaelewa alikokuwa akielekea. Sheria yetu ni kwamba mtu anayekufa chini ya nidhamu hazikwi na kanisa. Hakuna pasta, hakuna kwaya, hakuna wazee wa kubeba. Mwili ungewekwa kwenye gari la ndugu na kushuka ziwani, na Mama Mwalimu angebaki peke yake kando ya barabara ya Nakuru, katikati ya mahindi ya watu wengine.

"Nimempigia Pasta mpya," alisema. "Jumapili nitakuja mbele. Nitalisema."

"Usiliseme, Mwalimu." Nilijishangaa mwenyewe. "Ulikuwa sahihi. Umekuwa sahihi miaka minane."

"Najua. Nimeishi na kuwa sahihi miaka minane. Haipiki chai. Haikuulizi umelalaje."

"Nitaenda kwa halmashauri. Nitawaambia neno lilikuwa langu. Nitalibadilisha."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipomwambia insha nimeisahau nyumbani.

"Halmashauri inakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Daktari hajaniahidi mwezi ujao," alisema. "Kama ungetaka kwenda, ulikuwa na mwisho wa miezi mingi."

Akaniomba nimsogezee blanketi. Nikasogeza.

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari zilikuwa zimetembea. Mwenyekiti alimfuata benchi la mwisho, akamshika mkono, wakaja polepole katikati ya safu, wazee wawili, mmoja akimwegemea mwenzake na mimi sikujua ni yupi. Pasta, kijana mwema asiyejua chochote, alisoma kutoka kwenye kitabu cha kumbukumbu sentensi yangu yote. Sikuwahi kuisikia ikisomwa na mtu mwingine. Ilikuwa sentensi nzuri. Akauliza, "Je, ndugu, unakiri?"

Mwalimu alivua kofia. Alisimama wima, na kwa sauti ile inayofika nyuma, kila silabi mahali pake, alisema:

"Nilimkufuru Mungu. Naomba mnirudishe."

Kanisa likalipuka kwa Amina. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mwenyekiti alikuwa akilia waziwazi, kofia usoni. Katika watu wote wale, wawili tu ndio tuliojua kwamba mzee yule alikuwa amesimama mbele ya Mungu na kusema uongo, na ni mmoja tu kati yetu aliyekuwa ameutunga.

Kisha watu wakapanga mstari kumpa mkono wa ushirika. Ni desturi; kila mshiriki hupita, hata watoto. Mstari ulikuwa mrefu mpaka nje. Nilimtazama akipokea mikono mmoja baada ya mwingine, na kila mkono aliushika muda kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kiasi kwamba mstari ulikuwa hauendi. Wengine walimkumbatia. Alikuwa akicheka, Mwalimu, meno yote nje, akiuliza majina ya watoto waliozaliwa yeye akiwa nyuma.

Nilikuwa nimeamua. Nikifika ningegeuka niwatazame watu, niseme. Sentensi nilikuwa nimeiandaa, fupi, haina neno hata moja la chuo.

Nikafika. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Alipoona ni mimi kicheko kilitulia, lakini hakuondoa mkono. Alisubiri. Nina hakika alisubiri, kama anavyosubiri mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi anajua jibu.

"Mwalimu," nilisema. "Mimi…"

"Songa, Karani," alisema mama aliyekuwa nyuma yangu, akinisukuma kwa mkoba. "Na sisi tunataka kumsalimia."

Nikasonga.